Kabla hujatoboa paneli: transfoma ikae wapi, joto litokee wapi

Drili isubiri kwanza. Mafundi wengi hupanga vifaa ndani ya paneli (boksi la umeme la kuongozea mashine) kwa kufuata nafasi iliyobaki, na transfoma, kwa uzito wake, huishia chini kabisa, moja kwa moja chini ya PLC (kompyuta ndogo inayoongoza mashine). Hewa moto hupanda, hivyo PLC inachemka mchana kutwa.

Anza na hesabu ya vati zinazopotea. Chukua paneli ya pampu ya kilowati 11: draivu ya kubadili kasi ya mota hupoteza kama asilimia 3, yaani vati 330, na transfoma ya kontroli ya VA (volti-ampea) 500 huongeza 40 hivi ikibeba mzigo mzito. Boksi la bati lililopakwa rangi hutoa takriban vati 5.5 kwa kila mita ya mraba, kwa kila digrii ambayo ndani panazidi nje. Lenye urefu wa sentimita 80, upana 60 na kina 25, likiwa ukutani, lina mita za mraba 1.2 tu za kupozea. Ukigawanya jumla ya vati 370 kwa 5.5 mara 1.2, ndani patazidi nje kwa digrii 50 na ushei. Dar es Salaam ya Februari, nje 32, unaona mwenyewe.

Kwa hiyo feni ni lazima. Zidisha vati kwa 3.1, gawa kwa digrii unazoweza kuvumilia. Kwa digrii 10 ni mita za ujazo kama 115 kwa saa. Nunua kubwa zaidi, maana chujio huibana hewa, na kwenye mashine ya kusaga huziba kwa unga upesi sana. Hewa iingie chini, itokee juu.

Transfoma ndogo ifungwe juu pembeni, karibu na tundu la kutolea hewa. Nzito ikae chini kwenye kona, juu yake pawe na kontakta (swichi ya umeme ya kuwashia pampu), si PLC. Usiitundike kwenye reli ya kubandikia vifaa, na nyaya za sensa (vihisi) zipite mbali nayo.

Angalia na breka (swichi zinazokata umeme ukizidi): nyingi ndogo, uwezo wake hupimwa kwenye joto la digrii 30, kwa hiyo kwenye joto hukata kabla ya ampea zake. Hapo ndipo watu hufunga kubwa zaidi, kosa la hatari.

Nairobi kuna baridi, lakini hewa ni nyepesi: juu ya mita 1,000, draivu nyingi hupunguziwa uwezo asilimia 1 kwa kila mita 100.

Siku ya majaribio, weka kipimajoto juu ya PLC, mbali na feni, na pampu ifanye kazi hadi namba iache kupanda.