Namna ya Kutafuta Chanzo cha Injini ya Ndani ya Boti Kupoteza Nguvu

Injini ya dizeli iliyofungwa ndani ya boti mara chache hupungukiwa na nguvu bila kutoa dalili. Ugumu ni kwamba dalili moja huweza kuwa na vyanzo vingi, na mwenye chombo aliyechoka kubahatisha huanza kununua nozeli (vinyunyizio vya dizeli ndani ya silinda) na pampu kabla hajajua kama injini ndiyo yenye kosa. Kwa hiyo nasisitiza kwamba spana isiguse injini mpaka swali moja lipate jibu: je, injini haizalishi nguvu yake, au inazalisha lakini mzigo umeizidi, au nguvu inapotea njiani kabla ya kufika majini?

Jibu huanzia kwenye mizunguko. Kitabu cha mtengenezaji hutaja mizunguko kwa dakika ambayo injini inapaswa kufikia mafuta yakifunguliwa hadi mwisho, chombo kikiwa na mzigo wake wa kawaida. Subiri injini ipate joto lake la kazi, nenda kwenye maji yenye kina cha kutosha, ongeza mafuta taratibu hadi mwisho, kisha uandike mizunguko, mwendo, joto la maji, shinikizo la oili na rangi ya moshi. Rudia ukielekea upande wa pili, ili mkondo na upepo visikupotoshe. Kipima mizunguko cha kwenye dashibodi nacho kihakikiwe, kwa kuwa katika injini nyingi hupata ishara yake kutoka kwenye alteneta, na mkanda ukilegea husoma pungufu. Kipima cha mkononi kinachotumia mwanga, kikielekezwa kwenye puli ya kranki, hutoa ukweli.

Ikiwa mizunguko inafika kikomo au kukipita, lakini boti haiendi, kosa liko baada ya injini. Pima mizunguko ya shafti (mhimili unaozungusha propela) na uilinganishe na uwiano wa giaboksi: kwa uwiano wa 2:1, injini ikizunguka 2,400 shafti inapaswa kuzunguka 1,200. Ikiwa shafti iko nyuma, klachi za giaboksi zinateleza, na oili yake huenda imepungua au ina harufu ya kuungua. Ikiwa shafti iko sawa, kagua propela.

Ikiwa mizunguko haifiki kikomo, jaribu kuipandisha gia ikiwa huru. Injini inayoshindwa hata bila mzigo ina kizuizi kikubwa cha mafuta, hewa au ekzosi, au waya wake wa mafuta haufiki mwisho. Waya huu ukaguliwe mapema kwa sababu haugharimu kitu: mtu mmoja asukume mpini hadi mwisho, mwingine aangalie kama mkono ulio kwenye pampu unagusa skrubu yake ya kikomo. Hata hivyo, injini kupanda vizuri ikiwa huru hakuithibitishi kuwa nzima, kwa kuwa wakati huo inatumia mafuta kidogo sana, na chujio lililoziba nusu bado linaweza kupitisha kiasi hicho.

Kabla ya kurudi ndani, angalia chini ya chombo. Mwani na magamba magumu ya viumbe vya baharini yaliyoganda kwenye propela huiba mizunguko mingi kuliko watu wengi wanavyodhani, na kamba iliyojisokota kwenye shafti hufanya vivyo hivyo. Injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako, zungusha shafti kwa mkono. Ikiwa nzito, huenda imepinda au haikunyooka na giaboksi. Uliza pia kilichobadilika tangu chombo kilipokuwa na nguvu zake. Propela mpya yenye inchi moja zaidi ya pichi (umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) kwa kawaida hushusha mizunguko 150 hadi 200.

Moshi nao ni shahidi mzuri. Moshi mweusi una maana kwamba mafuta yamezidi hewa iliyopo, ama kwa sababu mzigo ni mkubwa, ama hewa haitoshi, ama nozeli zinamwaga badala ya kunyunyiza. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli ni mafuta ambayo hayakuungua. Ukiwa ni mvuke, na maji ya kupozea yanapungua kwenye tangi lake, ishuku gasketi ya silinda hedi. Injini isiyopanda na isiyotoa moshi mweusi hata kidogo, mara nyingi haipati dizeli ya kutosha.

Hapo ndipo mfumo wa mafuta unapostahili muda wako. Dalili yake ya kawaida ni injini kwenda vizuri kwa dakika kadhaa, kisha kulegea, kisha kurudi nguvu ukiipunguza kidogo. Anza kwa kufungua kifuniko cha tangi: ikisikika sauti ya hewa ikivutwa ndani na nguvu zikarudi, tundu la kupumulia la tangi limeziba. Tazama bakuli la chujio la kwanza dhidi ya mwanga. Maji hukaa chini na dizeli juu, na mpakani mwake hukua vijidudu vinavyoacha utelezi mweusi unaoziba chujio jipya ndani ya muda mfupi; katika hali hiyo kubadilisha chujio bila kusafisha tangi ni kuahirisha tatizo tu.

Upande wa kuvuta, yaani kutoka tangini hadi pampu ya kwanza, una hila yake: kiungio kilicholegea hapo huenda kisidondoshe dizeli hata tone, kwa sababu kinavuta hewa ndani. Funga kipande cha mpira unaopenya mwanga baada ya chujio na uangalie kama viputo vinapita injini ikiwa na mzigo. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha galoni: weka dizeli safi kwenye chombo kidogo kilichofungwa imara, unganisha humo mpira wa kuvuta na ule wa kurudisha (ukisahau wa kurudisha, galoni itamiminwa tangini), kisha endesha boti tena. Nguvu zikirudi, kosa liko kati ya tangi na mahali ulipounganisha. Zisiporudi, umeokoa saa nyingi za kusafisha mabomba yasiyo na hatia.

Kwa injini za zamani zenye pampu ya kimekanika, silinda dhaifu hutambuliwa kwa kulegeza kidogo nati ya bomba la nozeli, moja baada ya nyingine, injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini: silinda ambayo ukilegeza nati yake mlio haubadiliki, ndiyo haifanyi kazi. Kamwe usifanye hivi kwenye injini za kisasa zenye bomba la pamoja la shinikizo kubwa (common rail), linalolisha nozeli zote na kuongozwa na kompyuta. Humo dizeli hupita kwa zaidi ya baa 1,000, na mchirizi wake hupenya ngozi na kusababisha jeraha linalohitaji upasuaji wa haraka. Injini hizo pia hujipunguzia nguvu zenyewe zikihisi joto kubwa au shinikizo dogo la oili, kwa hiyo soma kwanza misimbo ya hitilafu.

Kwa upande wa hewa, jaribio ni jepesi: endesha boti kifuniko cha chumba cha injini kikiwa wazi, watu wakikaa mbali na mikanda. Mizunguko ikipanda, chumba hakipati hewa. Injini yenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya silinda) ikaguliwe mipira na klampu zake, kwa kuwa hewa inayovuja hapo ni nguvu inayopotea.

Ekzosi husahauliwa sana. Kiwiko ambamo maji ya bahari hukutana na moshi hukusanya masizi na chumvi, tundu lake likasinyaa polepole kwa miaka hadi injini ikashindwa kutoa pumzi. Kifungue ukitazame ndani, kwa sababu kwa nje huonekana kizima. Mpira unaofuata nao huweza kubanduka tabaka la ndani na kufunga njia kila moshi unapoongezeka.

Yote haya yakiwa salama, ndipo upime kompresheni, yaani shinikizo la hewa inayogandamizwa ndani ya kila silinda. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja huelekeza kwenye gasketi. Moja ikiwa chini, valvu au ringi zake. Zote zikiwa zimeshuka, injini imechakaa na inahitaji kufunguliwa. Ikiwa silinda iliyoharibika ina kutu, rudi kwenye kile kiwiko, kwa kuwa maji ya bahari huweza kurudi nyuma kupitia hapo, na injini iliyotengenezwa upya ikirudishiwa kiwiko kilekile iko katika hatari ya kuharibika kwa njia ileile.