Safisha jibu kabla ya kulilinganisha

Kama unaanza Python, lugha ya kuandikia programu, kwa kutengeneza chemshabongo, jua hili mapema: programu hailinganishi maana, inalinganisha herufi. Kwake "Twiga" na "twiga" ni majibu mawili tofauti, na "twiga" lenye nafasi mwishoni ni la tatu. Mchezaji anajibu sawasawa, halafu anaambiwa amekosa. Inakatisha tamaa, maana ukiutazama msimbo huoni kosa lolote.

Dawa ni mstari mmoja:

jibu = input("Mnyama gani mrefu kuliko wote? ").strip().lower()
if jibu == "twiga":
    alama = alama + 1

strip() huondoa nafasi za mwanzoni na mwishoni, lower() hugeuza herufi zote kuwa ndogo. Kwa hiyo jibu sahihi nawe liandike kwa herufi ndogo, la sivyo halitalingana kamwe. Na alama = 0 iwekwe juu kabisa, kabla ya swali la kwanza.

Maswali ya namba yana mtego wake. input() hurudisha maandishi siku zote, hata mtu akiandika 8, kwa hiyo jibu == 8 haitakubali. Wengi hukimbilia int(jibu), inayogeuza maandishi kuwa namba, lakini mchezaji akiandika "nane" programu inakatika palepale. Kwa anayeanza, mimi naona ni heri kulinganisha na "8" ndani ya alama za kunukuu.

Maswali yakizidi matatu, acha kunakili mistari. Yaweke pamoja na majibu yake kwenye orodha, uyapitie kwa for, yaani kitanzi kinachorudia mistari ileile kwa kila swali.