Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchimba Udongo wa Kondoa

Anayetaka kujua jinsi hali ya hewa na kazi za binadamu zilivyoifanya milima ya Irangi, wilayani Kondoa, kuwa kama ilivyo leo, ajiandae kabla ya kushika sururu. Kibali cha utafiti kitafutwe mapema, na mtendaji wa kijiji aonwe kabla ya yeyote kuteremka korongoni. Nendeni wakati wa kiangazi, kwa sababu kingo za makorongo zikilowa hubomoka. Maji ya kunywa yawe mengi.

Msiende na hukumu mfukoni. Wengi hufika wakiwa wameshaamua kwamba ng'ombe ndio walioimaliza ardhi ya Kondoa. Ni kweli kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, mifugo ikaondolewa mwaka 1979, na uoto ukarudi kwenye miteremko iliyokuwa wazi. Hata hivyo, vipimo vya udongo vimeonyesha mmomonyoko mkubwa kati ya miaka 14,500 na 11,400 hivi iliyopita, hali ya hewa ilipotoka kwenye ukame na mvua zikarejea. Mmomonyoko mwingine, ulioanza miaka 900 hivi iliyopita, ndio unaohusishwa na ukataji wa misitu, kilimo na ufugaji.

Kubwa kuliko yote ni sampuli. Nimeshuhudia wanafunzi wakikuta ukuta wa korongo wenye matabaka yaliyopangika vizuri, wakachomoa vipande vya mkaa juu na chini, wakavipeleka maabara kwa fedha zote walizokuwa nazo. Majibu yakarudi yakisema mkaa wa juu ni wa kale kuliko wa chini, na hapakuwa na fedha ya kupima tena. Inauma kuona kazi ya msimu mzima ikipotea hivyo. Maabara haikukosea. Maji hukwangua kwanza udongo wa juu mlimani na kuulaza bondeni, kisha korongo likizidi kuchimbika hung'oa udongo wa kale na kuumwaga juu ya ule uliotangulia, pamoja na mkaa wake. Umri wa mkaa hueleza mti uliishi lini, na hauelezi udongo ulitua lini.

Kwa hiyo bebeni mabomba ya chuma, mpime pia chembe za mchanga, ambazo umri wake huhesabiwa tangu zilipoonja mwanga wa jua kwa mara ya mwisho. Bomba lipigiliwe ukutani, lizibwe ncha zote kwa plastiki nyeusi, na asilifungue mtu hata kwa kuchungulia tu, kwani hata mwanga kidogo huharibu kumbukumbu hiyo ya umri.

Mkimaliza, fukieni mashimo, maana mifugo na watoto hupita hapo. Mkifika Kolo, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, msiiguse wala kuimwagia maji ili ing'ae kwenye picha. Msisogeze jiwe kabla ya kuuliza, na msisimame ukingoni mwa korongo, hata kama panaonekana pagumu.