Somo: Kuchagua osiloskopu ya bei nafuu kwa deki za zamani za diski

Mafundi wenzangu, habari za kazi. Deki za zamani bado zinaletwa mezani: VCD za miaka ya 1990, na mara mojamoja ile mashine kubwa ya LaserDisc iliyokuwa ikipiga karaoke hotelini. Maltimita inakwambia umeme upo au haupo. Kama leza inasoma diski, hilo utaliona kwenye osiloskopu tu, mashine inayochora umeme kama wimbi kwenye skrini, na wengi hapa Dodoma wanaikwepa wakidhani ya maana lazima iwe ya mamilioni. Kwa deki hizi inatosha ya kawaida, mradi uijue kazi yake kabla ya kutoa pesa.

Hatua ya 1: Jua utapima nini

Ishara za sevo, yaani zile zinazoshikilia fokasi na kumfanya leza afuate mstari wa diski, ni za polepole, kilohezi chache tu. Video inayotoka nyuma ya deki ina volti 1 kutoka kilele cha chini hadi cha juu, na kwa PAL (mfumo wa TV wa kwetu; NTSC ni wa Marekani na Japani) mstari mmoja wa picha huchukua maikrosekunde 64. RF, yaani ishara ghafi ambayo leza inaisoma kwenye diski, kwa VCD ni sawa na ya CD: wimbi fupi kabisa ni kilohezi 720, refu kabisa kilohezi 196. Iliyo kasi kuliko zote ni ya LaserDisc. Picha yake imebebwa kwa FM, yaani wimbi linalobadilika kasi, inayocheza kati ya megahezi 7.6 na 9.3 kwenye NTSC, na kati ya 6.76 na 7.9 kwenye PAL. Kwa hiyo wimbi la kuangalia zaidi hapa ni hilo la megahezi 9.3.

Hatua ya 2: Soma megahezi za kwenye boksi kwa akili

Namba ile inaonyesha mahali ambapo wimbi limeshapungua hadi kama asilimia 71 ya kimo chake halisi. Osiloskopu ya megahezi 10 itakupunguzia wimbi la megahezi 9.3 kwa zaidi ya robo, nawe utaanza kuilaumu leza isiyo na kosa. Ya megahezi 20 inapunguza kama asilimia 9, bado unafanya kazi. Basi 20 iwe ndiyo mwisho wa chini, na ukipata 50 umestarehe. Kile kidude cha kuunganisha mwenyewe, DSO138, kinaishia kilohezi 200. Kwa sevo kinasaidia, kwa RF hapana, hata ya VCD.

Hatua ya 3: Ya kioo au ya dijitali

RF ya VCD ikiwa nzima, mawimbi ya urefu mbalimbali hupandana yakaacha vidirisha safi vyenye umbo la almasi katikati. Mafundi huiita picha ya jicho. Weka muda kwenye maikrosekunde 0.5 kwa mraba na uangalie: almasi zikiwa wazi, leza na fokasi viko sawa, zikiwa na ukungu, kuna kazi. Osiloskopu ya zamani ya kioo (yenye bomba la picha kama TV za zamani), kama Hitachi V-212 au Hameg HM203 za megahezi 20, huionyesha picha hiyo vizuri sana. Dijitali za bei ya chini zisizo na viwango vya mwanga (yaani mstari kung'aa zaidi pale wimbi linapopita mara nyingi) hukuchorea fujo la mistari. Rigol DS1054Z (megahezi 50, chaneli 4) ina viwango hivyo, na kwangu ndiyo dijitali ya kuanzia kama mfuko unaruhusu.

Ukinunua ya kioo iliyotumika, usiilipie ikiwa baridi. Iwashe, iache ipate moto, kisha uzungushe kila swichi polepole. Vumbi letu la Dodoma hupenda kukaa kwenye swichi za volti. Mstari ukirukaruka unaposogeza, zinahitaji kusafishwa. Mstari ukiwa hafifu hata mwanga ukipandishwa hadi mwisho, kioo kimechoka na hakirudi, iache.

Hatua ya 4: Probu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Probu ni waya wa kupimia wa osiloskopu. Swichi yake ikiwa kwenye x1, probu nyingi zenyewe hazipitishi zaidi ya megahezi 6 hadi 10, na uzito wa kapasitansi yake unaivuta ishara chini. Osiloskopu ya megahezi 100 hapo haikusaidii. Weka x10, kisha rekebisha skrubu ya probu kwa wimbi la mraba la kilohezi 1 mpaka kona zinyooke. Kwa kuwa x10 inagawanya kwa kumi, RF ya volti 1 inaingia kama milivolti 100. Chagua mashine inayoshuka angalau hadi milivolti 5 kwa mraba.

Hatua ya 5: Ethi

Klipu ya probu imeungana na ethi ya ukutani. Usiigusishe kamwe kwenye upande wa pawa saplai unaopokea umeme wa TANESCO, na usikate pini ya ethi ya plagi ili kukwepa shoti.

MASWALI

Mwanachama, Kondoa: Shikamoo mwalimu. Ile ya kuchomeka kwenye kompyuta, Hantek 6022BE, itanifaa?

Jibu: Marahaba. Kwa VCD na sevo, ndiyo. Ni ya megahezi 20 na inachukua sampuli milioni 48 kwa sekunde. Kwa LaserDisc ya NTSC hizo ni kama tano tu kwa kila wimbi: utaona RF ipo na ukubwa wake, umbo usilitegemee.

Mwanachama, Singida: Video nyuma ya LaserDisc inasoma volti 2 badala ya 1. IC imekufa?

Jibu: Haijafa, kaka. Umepima bila mzigo. Funga rezista ya ohm 75 au acha waya wa TV umechomekwa, itarudi kwenye 1.

Mwanachama, Bahi: RF ni ndogo. Niongeze nguvu ya leza kwenye kirezista chake?

Jibu: Usikiguse kwanza, dada. Safisha lenzi kwa pamba na isopropili, pima tena. Vumbi pekee linatosha kuishusha RF, na leza ikizidishiwa mkondo inakufa.

Mwanachama, Dodoma mjini: Mashine yangu imetoka Japani, ya volti 100. Stepdauni (transfoma ya kushusha volti) inatosha kunikinga ninapopima?

Jibu: Inatosha kuiwasha. Stepdauni nyingi za madukani zina koili moja, hazikutenganishi na umeme wa ukutani. Kwa kupima pawa saplai tafuta transfoma yenye koili mbili zisizogusana, na deki ndiyo uichomeke humo, siyo osiloskopu.