Kusaka bomu la ardhini kwa sauti: jaribu kwenye beseni la mchanga

Kwanza kabisa, hii ni ya kujifunzia kwenye beseni tu. Sehemu inayoshukiwa kuwa na mabomu usikanyage hata siku moja, waachie wategua mabomu wenye mafunzo.

Mabomu mengi ya kutegwa ardhini ni ya plastiki, chuma ndani yake kidogo mno, kwa hiyo kifaa cha kusaka chuma ukikiongeza makali ili kilinase kinaanza kulia kwa kila msumari na kila ganda la risasi, kazi haiendi. Sauti haina shida na chuma, yenyewe inatafuta kitu kinachobonyea. Bomu lina uwazi ndani na juu pamelegea, ndo maana likipata mtetemo unaolifaa linacheza kama ngozi ya ngoma, na udongo wa juu yake unacheza nalo. Jiwe linakaa kimya.

Haya, chukua beseni pana lenye kina, jaza mchanga mkavu. Fukia kopo tupu la plastiki lenye mfuniko mwembamba, sentimita 3 hivi chini, halafu pembeni fukia jiwe la saizi hiyo hiyo, na sehemu ya tatu usiweke kitu, hiyo usiiruke maana ndo ya kulinganishia. Spika ining'inize juu katikati, sehemu zote tatu ziwe umbali sawa nayo, na isiguse beseni wala meza, ikigusa utakuwa unapima meza. Weka toni kwa app ya simu, panda taratibu kuanzia hezi 80 (yaani mitetemo 80 kwa sekunde) mpaka 300, kopo likiwa dogo endelea kupanda.

Kusikiliza, laza kidude cha piezo, yaani kisahani chembamba kinachogeuza mtetemo kuwa umeme, juu ya mchanga, kiunge na rekoda, kihamishe sehemu moja moja bila kugusa volyumu. Usitafute kelele kubwa, tafuta toni ambayo juu ya kopo inaruka ghafla na kwingine haipo.

Kidude chenyewe kinakandamiza mchanga, ndo maana James Sabatier na Ning Xiang wa Chuo Kikuu cha Mississippi, Marekani, walitumia spika na leza inayosoma mtetemo bila kugusa ardhi. Kule Georgia Tech, chuo kikuu kingine cha Marekani, timu ya Waymond Scott ikatumia rada kusoma mtetemo huo. Nyasi zinaisumbua sana leza, na bomu likiwa chini zaidi mtetemo unafifia.

Ukimaliza, shindilia mchanga kwa kiganja urudie yote: toni itahama, sehemu ni ile ile.