Namna ya kudaka mpira wa chini katika besiboli

Nimemaliza kumnoa mchezaji mpya ambaye mipira ya chini, yaani inayopigwa ikadunda au kubingirika ardhini, ilikuwa ikimpita kila siku, ingawa mikono yake ni myepesi. Shida yake ilikuwa miguu, na wengi wanaoanza wako hivyo hivyo.

Hatua ya 1: Kaa tayari. Tanua miguu kupita mabega, kunja magoti, shusha nyonga. Uzito uwe mbele ya nyayo.

Hatua ya 2: Glavu iwe chini mapema, vidole vikielekea ardhini, kiganja wazi. Kuinua mkono ghafla ni rahisi, kuushusha ghafla ni kazi. Katika mchezo wa 6 wa World Series ya 1986, fainali ya besiboli ya Marekani, mpira uliopigwa na Mookie Wilson ulipita chini ya glavu ya Bill Buckner wa Boston, ukapenya katikati ya miguu yake, na Boston wakapoteza mchezo.

Hatua ya 3: Chagua mdundo. Hapa ndipo watu hukwama, kwa hiyo soma taratibu. Mpira ni rahisi kudaka ama ukiwa ndiyo kwanza umegusa ardhi, kabla haujapata nafasi ya kugeuka, ama ukiwa umefika juu na kuanza kushuka. Ule ulio katikati, unaopanda kuelekea kiunoni, ndio unaogonga vifundo vya mikono na kuruka pembeni. Ukiona unakufikia hapo, sogeza miguu: mara nyingi mbele, nyuma pale tu unapokosa njia. Usinyooshe mikono kufidia uvivu wa miguu.

Lakini angalia. Mpira wa polepole uufuate mbio, maana mpigaji anayekimbia ana mita 27.43 tu hadi besi ya kwanza, kituo anachotaka kukifikia kabla ya mpira. Mpira mkali haukupi muda wa kuchagua. Shuka tu na uuzibie njia. Uwanja ukiwa na mashimo, udake karibu na ardhi kadiri uwezavyo. Ukiwa na nafasi, na unatupa kwa mkono wa kulia, uzungukie kidogo kutoka upande wako wa kulia ili mwili uwe tayari unaelekea besi ya kwanza.

Kwa zoezi la kudaka mpira pale tu unapodunda, sipendi gongo kabisa. Piga magoti, mwenzako akurushie kwa mkono kutoka karibu, mpira udunde hatua moja mbele ya glavu. Tumia glavu ndogo, inchi 11.5 au chini yake. Kubwa huumeza mpira, na kuutoa huchelewesha.

Hatua ya 4: Daka mbele ya mwili, macho yauone mpira ukiingia. Mkono mtupu ukae juu ya glavu, uzibe mpira ukiruka.

Hatua ya 5: Uvute tumboni, shika mshono, piga hatua kuelekea unakolenga, tupa.

Ukikuponyoka, uubonyeze ardhini kwa mkono mtupu kwanza, ndipo uuokote. Ukiukwapua kwa glavu, utakuponyoka tena.