Somo: Virusi vimeondoka, na intaneti nayo imeondoka

Wakuu, somo hili ni la yule ambaye juzi kompyuta yake ya Windows ilijaa virusi lakini intaneti ilikuwepo, na leo antivirusi imeshasafisha, mashine imekuwa nyepesi, ila hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka. Wengi wakifika hapa huilaumu antivirusi. Wengine huenda mbali zaidi: hufungua karantini na kurudisha faili zilizofungiwa humo ili "neti irudi". Nawaomba sana, msifanye hivyo. Neti inaweza kurudi kweli, lakini itarudi pamoja na mwizi.

Sababu yenyewe ni hii. Programu hasidi nyingi hazikai pembeni ya mtandao wako, hukaa katikati ya njia. Ni kama mtu aliyeng'oa daraja la kijiji akaweka la kwake, ili kila anayevuka apite mikononi mwake. Siku ukimfukuza, anaondoka na daraja lake, na lile la zamani hakuna aliyelirudisha. Kwa hiyo kompyuta yako haijafa. Kuna kipande cha njia kimebaki wazi, na kazi yetu ni kujua ni kipande kipi.

Kabla ya kugusa chochote, fanya mambo mawili. Fungua kumbukumbu ya antivirusi usome ilifuta nini hasa, kisha upige picha orodha hiyo kwa simu. Halafu unganisha simu kwenye Wi-Fi ileile, na data ya simu uizime. Simu nayo ikikosa intaneti, tatizo liko kwenye ruta au kwa mtoa huduma wako, na hatua zinazofuata hazitakusaidia.

Hatua ya 1: Tafuta njia ilipokatikia

Hapa ndipo nataka tukae zaidi, kwa sababu watu huruka hatua hii na kuanza kumwaga amri walizookota huku na kule. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi andika kwanza:

ipconfig

Tazama anwani ya IPv4. Ikianza na 169.254, kompyuta iliomba anwani kwa ruta haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Tatizo hilo liko chini kabisa. Nenda moja kwa moja hatua ya 5. Kama anwani ni ya kawaida, nakili namba iliyo kwenye mstari wa Default Gateway. Hiyo ndiyo ruta yako. Sasa jaribu amri hizi za ping, ambazo huita anwani na kungoja jibu, moja baada ya nyingine:

ping 127.0.0.1
ping (namba ya ruta yako)
ping 8.8.8.8
ping example.com

Ya kwanza ni kompyuta kujiita yenyewe. Ikishindwa, mfumo wa ndani wa mtandao umevunjika. Nenda hatua ya 4. Ya pili ikishindwa wakati ya kwanza imepita, shuku huduma za Windows, draiva (programu inayoendesha kifaa kama kadi ya mtandao) au ngome (firewall): hatua ya 5. Ya tatu (seva ya Google iliyo nje) ikijibu na ya nne (jina la tovuti) ikakataa, njia iko salama ila majina hayatafsiriwi: hatua ya 3. Na zote nne zikijibu huku kivinjari kikigoma, basi karibu kila mara ni proksi, yaani kituo cha kati ambacho kivinjari hupitia kwenda mtandaoni: hatua ya 2. Baadhi ya mitandao huzuia ping kwenda nje, kwa hiyo ya tatu ikishindwa peke yake usiichukulie kuwa hukumu ya mwisho.

Hatua ya 2: Proksi

Ninavyoona mimi, hili ndilo kosa la mara nyingi kuliko mengine yote, na ndilo jepesi kurekebisha. Programu hasidi huwasha proksi na kuielekeza 127.0.0.1, yaani kompyuta yako yenyewe, mahali ambapo hiyo programu ilikuwa inasikiliza. Sasa imefutwa, lakini kivinjari bado kinabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Bonyeza Windows na R, andika inetcpl.cpl, fungua kichupo cha miunganisho, kisha kitufe cha mipangilio ya LAN kilicho chini. Ondoa alama ya tiki kwenye seva ya proksi. Kama kuna anwani ya hati ya usanidi otomatiki ambayo hukuiweka wewe, iondoe pia, wengi huisahau. Kisha fungua cmd kama msimamizi, kwa kuitafuta kwenye menyu ya Start, kubofya jina lake kwa kitufe cha kulia na kuchagua Run as administrator, na uandike:

netsh winhttp reset proxy

Firefox ina ukurasa wake wa proksi ndani ya mipangilio yake. Ukague peke yake.

Hatua ya 3: DNS na faili ya hosts

DNS ndiyo inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Anayeshika DNS yako anaweza kukupeleka popote, nawe ukaona jina ulilozoea. Mwezi Novemba 2011 FBI ilitangaza kuuvunja mtandao wa DNSChanger, kirusi kilichobadilisha DNS za watu, uliokuwa umeingia kwenye kompyuta zaidi ya milioni 4 katika nchi zaidi ya 100. Seva za wahalifu hazikuzimwa hapohapo. Kwa ruhusa ya mahakama ziliwekwa seva safi mahali pake, kwa sababu kuzizima ghafla kungewakatia intaneti watu wasio na hatia. Seva hizo za muda zilizimwa tarehe 9 Julai 2012, na kompyuta ambazo bado zilikuwa na mipangilio ile zikabaki bila mtu wa kuzitafsiria majina. Tatizo lako linaweza kuwa hilohilo, kwa kiwango cha nyumba moja.

Andika ipconfig /all uone seva za DNS. Ukikuta namba usizozijua, bonyeza Windows na R, andika ncpa.cpl, bofya kulia muunganisho wako, fungua sifa zake, chagua IPv4, na uweke DNS ipatikane yenyewe. Rudia kwa IPv6, maana nako hufichwa mambo. Ukipenda kuandika mwenyewe, 1.1.1.1 au 8.8.8.8 zinafaa. Malizia kwa ipconfig /flushdns.

Baada ya hapo fungua Notepad kama msimamizi, ufungue faili hii:

C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts

Kwa kawaida kila mstari humo huanza na alama ya #. Mistari isiyo na alama hiyo, yenye majina ya benki, barua pepe au kampuni za antivirusi, ifute. Isipokuwa kama uliiweka mwenyewe kwa kazi zako.

Hatua ya 4: Winsock na TCP/IP

Winsock ni sehemu ya Windows ambayo programu hupitia zinapotaka kuongea na mtandao. Windows huruhusu programu nyingine zijiunge humo kama pete za mnyororo. Kirusi kikijiunga, halafu antivirusi ikafuta faili yake bila kuunga mnyororo, pete zilizobaki hazishikani tena. Tiba yake ni amri mbili, kwenye cmd ya msimamizi:

netsh winsock reset
netsh int ip reset

Washa kompyuta upya. Bila kuwasha upya hujafanya kitu. Jueni pia gharama yake: amri ya pili hufuta anwani za IP zilizowekwa kwa mkono, na ya kwanza inaweza kuvuruga VPN au programu ya kuchuja mtandao hadi uisakinishe tena. Nimeona kompyuta iliyopigwa amri hizi mara tano kwa siku moja wakati kosa lilikuwa tiki moja ya proksi. Mwenyewe alipoteza mipangilio yake yote ya printa ya mtandao bila faida yoyote.

Hatua ya 5: Huduma, draiva na faili za mfumo

Fungua services.msc. Hakikisha DHCP Client, DNS Client na Base Filtering Engine zinafanya kazi, na kwa Wi-Fi, WLAN AutoConfig. Huduma ikiwa imezimwa, iweke ijiwashe yenyewe. Ikiwa haipo kabisa kwenye orodha, kirusi kiliifuta. ZeroAccess, kwa mfano, ilijulikana kwa kufuta huduma za ngome na usalama za Windows na kujipandikiza ndani ya draiva za mfumo. Draiva ya namna hiyo ikifutwa na antivirusi, mtandao huondoka nayo.

Kwenye cmd ya msimamizi andika:

sfc /scannow

Windows itakagua faili zake na kurudisha zilizoharibika. Ikisema imeshindwa kurekebisha baadhi, amri inayofuata ni DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, lakini kwa kawaida hiyo huchukua faili safi kutoka intaneti, ambayo huna. Hapo simu inakuokoa: iunganishe kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Ujanja huu pia ni kipimo kizuri. Intaneti ya simu ikipita, basi TCP/IP ni nzima na kosa liko kwenye kadi ya mtandao au draiva yake. Fungua devmgmt.msc, iondoe kadi hiyo kwenye orodha bila kufuta draiva, washa upya, na Windows itaitambua tena.

Hatua ya 6

Kuweka upya mtandao mzima, kupitia mipangilio ya mtandao ya Windows 10 au 11. Itasahau nywila zako za Wi-Fi. Ifanye mwisho.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, somo limeeleweka. Nimezima proksi, neti imerudi, lakini kila nikiwasha kompyuta proksi inajiwasha tena. Nimefanya hivyo mara nne sasa.*

Mkuu, acha kuizima, kwanza tafuta anayeiwasha. Mipangilio haijibadilishi yenyewe, kwa hiyo usafi wa kompyuta yako haujakamilika. Fungua taskschd.msc uangalie kazi zilizopangwa zenye majina ya herufi zisizo na maana, au zinazoita faili iliyo ndani ya AppData. Kagua pia programu zinazoanza pamoja na Windows, na viendelezi vya kivinjari. Kama unatumia Chrome, andika chrome://policy kwenye sehemu ya anwani. Kompyuta ya nyumbani ukikuta imewekewa sera, swali ni nani aliyeziweka. Kisha skani kwa antivirusi ya nje ya mtandao, ile inayofanya kazi kabla Windows haijaamka. Microsoft Defender inayo. Mpaka hapo usiingie benki wala barua pepe kwenye mashine hiyo, na nywila zibadilishe ukitumia kifaa kingine.

*Kaka, mimi ping ya 127.0.0.1 inajibu, lakini ya ruta inaleta "General failure". Simu kwenye Wi-Fi hiyohiyo iko sawa. Winsock nimeshafanya.*

Dada, ujumbe huo mara nyingi maana yake pakiti haijatoka hata nje ya kompyuta. Kuna kitu ndani kinaizuia. Ulikuwa na antivirusi nyingine kabla ya hii? Mabaki ya draiva yake ya kuchuja yanaweza kuendelea kufunga mlango hata baada ya programu yenyewe kuondolewa. Kampuni nyingi za antivirusi zina zana yao ya kuondoa mabaki. Ipakue kwa kompyuta nyingine, uilete kwa flashi, na flashi hiyo uiskani kwenye kompyuta zote mbili. Kabla ya hapo andika kwenye cmd sc query bfe (bfe ni Base Filtering Engine ya hatua ya 5) uniambie inasema nini.

*Inasema huduma hiyo haipo.*

Basi tumempata. Bila Base Filtering Engine, ngome ya Windows haiwezi kusimama. Usipakue faili za rejista kutoka tovuti usizozijua. Ifanyie Windows usakinishaji wa kurekebisha kwa flashi ya usakinishaji uliyoitengeneza kwa zana ya Microsoft yenyewe, ukichagua kubakiza faili na programu zako. Nakili picha na nyaraka kwanza kwenye diski ya nje.

*Alama ya mtandao inasema hakuna intaneti, ila kurasa zinafunguka vizuri tu. Niendelee kuhangaika?*

Hapana. Windows hupima intaneti kwa kuomba faili ndogo kutoka www.msftconnecttest.com. Angalia kama jina hilo limezuiwa kwenye hosts au na VPN.

*Kwetu kila kifaa, hata simu, kinapelekwa kwenye matangazo. Kompyuta imesafishwa mara mbili.*

Hapo ni ruta. Irudishe katika hali ya kiwandani, sasisha programu yake, badilisha nywila ya msimamizi kabla ya kuwaunganisha wengine, na uhakikishe DNS iliyomo ni ya mtoa huduma wako au uliyoichagua wewe.